Kufuta kwenye kanzidata yenye matoleo: mwongozo kwa wanaojenga mifumo ya mwaloni

Ukijenga mfumo wa kusajili mitumbwi na mizigo ya dagaa hapa Mwanza, wiki za mwanzo wote watakuuliza juu ya kusajili. Habari ya kufuta huja baadaye, mfumo ukiwa tayari unatumika Kirumba Mwaloni (mwalo ni mahali mitumbwi inaposhusha mizigo) na simu za makarani ziko Ukerewe na kwingineko. Ndipo katibu wa mwalo anapiga: "Kijana wangu, ule mtumbwi hebu ufute."

Hapa nazungumzia kanzidata (database) yenye matoleo, yaani ile ambayo kila badiliko linaongeza toleo jipya la rekodi na la zamani linabaki palepale. Mifano ni ya PostgreSQL, programu ya kutunza kanzidata. Mtumbwi namba 4471 nitakaoutumia ni wa kubuni.

1. Uliza anataka nini

Mjibu hivi: "Sawa mama. Umeuzwa, umezama, au uliandikwa kwa makosa?" Jibu lake ndilo linaloamua utafanya nini, na majibu hayafanani hata kidogo.

Mtumbwi uliouzwa Sengerema ulikuwepo kweli, ulileta dagaa kweli, na ushuru wake ulilipwa. Huo unafungwa. Mtumbwi ulioandikwa kwa sababu karani alibonyeza mara mbili haukuwahi kuwepo. Huo unabatilishwa. Mtumbwi mmoja uliosajiliwa Igombe kwa jina la tajiri na ukasajiliwa tena Kirumba kwa jina la nahodha ni rekodi mbili za kitu kimoja. Hizo zinaunganishwa. Halafu kuna yule anayesema jina lake, simu yake na picha yake vitoke kabisa kwenye mashine zenu. Hicho ni kitu cha nne, nakiita kuteketeza, na hakifanani na vile vitatu vya kwanza hata kidogo.

Kitufe kimoja cha "Futa" kwenye skrini kinayachanganya yote manne, na karani mwenye foleni ya ndoo mbele yake atakibonyeza tu. Weka vitufe vitatu vyenye majina yake: Funga, Batilisha, Unganisha. Kuteketeza kusiwepo kabisa kwenye skrini ya karani.

2. Kufunga ni kuongeza toleo

Katibu wa zamani mwenye kaunta buku hachani ukurasa. Anapiga mstari, anaandika tarehe pembeni na kutia saini, na maandishi ya chini yanaendelea kusomeka. Kanzidata yako ifanye hivyohivyo: kufunga kuwe ni kuandika mstari mwingine, bila kugusa uliopo.

```
CREATE TABLE mtumbwi_toleo (
  mtumbwi_id   bigint NOT NULL,
  toleo        int    NOT NULL,
  tendo        text   NOT NULL,
     -- sajili, badili, funga, rejesha, batilisha, unganisha
  namba        text,
  mmiliki_id   bigint,
  tangu        timestamptz NOT NULL,   -- lilipotokea mwaloni
  limeandikwa  timestamptz NOT NULL DEFAULT now(), -- mfumo ulipojua
  badala_ya    int,                    -- toleo linalorekebishwa
  mwandishi_id bigint NOT NULL,
  sababu       text   NOT NULL,
  PRIMARY KEY (mtumbwi_id, toleo)
);
```

Wengi hukimbilia njia ya mkato: safu (column) moja ya `imefutwa` yenye ndiyo au hapana. Siipendi. Haikuambii nani alifuta, lini, wala kwa nini. Mbaya zaidi, mtumbwi ukirejeshwa ile "ndiyo" inageuzwa "hapana", na ushahidi kwamba uliwahi kufungwa unapotea. Ukiwa na matoleo, 4471 unaweza kuwa na toleo la 5 linalosema funga na la 6 linalosema rejesha, na mwezi mzima wa katikati unaonekana wazi.

Ukishaunda jedwali, inyime programu uwezo wa kuliharibu:

```
REVOKE UPDATE, DELETE, TRUNCATE ON mtumbwi_toleo FROM programu;
```

Programu isiingie kwenye kanzidata kwa akaunti inayolimiliki jedwali, maana mwenye jedwali anaweza kujirudishia ruhusa wakati wowote. Mipangilio mingi ya haraka huanguka hapa: akaunti moja inafanya kila kitu.

Sasa unahitaji kuiona mitumbwi iliyo hai tu. Angalia vizuri mpangilio wa swali hili:

```
CREATE VIEW mtumbwi_uliopo AS
SELECT * FROM (
  SELECT DISTINCT ON (mtumbwi_id) *
  FROM mtumbwi_toleo
  ORDER BY mtumbwi_id, toleo DESC
) AS la_mwisho
WHERE tendo NOT IN ('funga', 'batilisha', 'unganisha');
```

Kwanza chukua toleo la mwisho la kila mtumbwi, kisha ndipo uondoe iliyofungwa. Ukigeuza, yaani ukiweka sharti la `WHERE` ndani, kanzidata italiruka toleo la 5 lenye funga, italikuta la 4, na kukuletea mtumbwi uliouzwa ukiwa mzima na mmiliki wa zamani. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Orodha itaonekana nzuri tu, mpaka mtu atumiwe ankara ya ushuru wa chombo ambacho si chake tena.

Na kwa kuwa mtazamo huu (`VIEW`) unaamini toleo la mwisho, seva iwe kali: baada ya funga ikubali rejesha, batilisha, unganisha, au funga lingine linalorekebisha lile la kwanza. `badili` ikija juu ya mtumbwi uliofungwa, ikataliwe.

Neno kwa wanaodhani PostgreSQL tayari inatunza matoleo yenyewe. Ni kweli `DELETE` yake haiondoi mstari papo hapo. Mstari unawekewa alama, na `VACUUM` inakuja kuokoa nafasi baadaye. Lakini hayo ni mambo ya ndani, ya kuwawezesha watu wengi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja. Si historia unayoweza kuiuliza. MariaDB, kanzidata nyingine, kuanzia toleo 10.3 inayo historia ya kweli: jedwali likiundwa kwa `WITH SYSTEM VERSIONING`, ukifuta mstari unahamia kwenye historia na unaweza kuuona kwa `FOR SYSTEM_TIME AS OF`. Ni msaada mkubwa, ila inajua saa ya mashine tu. Haijui jambo lenyewe lilitokea lini mwaloni.

3. Nyakati mbili, na saa yetu

Mtumbwi umeuzwa Jumatatu, taarifa imefika kwa karani Alhamisi. Jumatano katikati hapo ripoti ya ushuru ilichapishwa, na 4471 umo. Mkaguzi akiuliza kwa nini umo, jibu ni kwamba Jumatano mfumo ulikuwa haujajua. Ili uweze kulithibitisha hilo unahitaji safu zote mbili. Kuchapa upya ripoti kama ilivyokuwa, chuja kwa `limeandikwa`. Kujua ukweli wa Jumatano kama tunavyoujua leo, chuja kwa `tangu`.

Karani wa Kirumba akiambiwa mtumbwi ulikabidhiwa saa 3 asubuhi, anaandika 3:00. Kompyuta inaelewa saa 9 usiku. Usiku huo 4471 ulikuwa ziwani na taa zake, alfajiri ukarudi, na saa 12:30 asubuhi ndoo za dagaa zikapimwa. Kwa macho ya mfumo, mzigo huo umeletwa na mtumbwi uliokwisha kufungwa. Ukiwa umeweka sharti la kukataa mizigo ya vyombo vilivyofungwa, karani atazuiwa kuandika, na ataandika kwenye mtumbwi mwingine ili kazi iende. Sasa una uongo kwenye rekodi mbili.

Kwa hiyo skrini isipokee saa tupu. Karani achague saa 3, kisha achague asubuhi, mchana, jioni au usiku, na programu igeuze. Hifadhi kwa UTC, saa ya kimataifa. Tanzania iko saa 3 mbele mwaka mzima, haina kubadili saa kwa msimu, kwa hiyo hesabu haitakusumbua.

Kosa likishaingia, halirekebishwi kwa kugusa toleo la 5. Andika toleo la 6: funga, `tangu` saa 3 asubuhi sahihi, `badala_ya` 5. Usiiache safu ya `badala_ya` ukidhani namba ya toleo inatosha. Ukiuliza hali ya saa 12:30, toleo la 6 bado halijaanza kutumika saa hiyo, hivyo swali litarudi kwenye la 5 lenye saa mbovu na kukuambia mtumbwi umefungwa. Swali la historia lazima kwanza liondoe matoleo yote yaliyotajwa kwenye `badala_ya`, ndipo lichague.

4. Vinavyoutegemea mtumbwi

Mtumbwi una mizigo, una leseni, una madeni ya mafuta na nyavu. Ukifungwa, hivyo vifanyeje?

Usitumie `ON DELETE CASCADE`, yaani agizo la kufuta na vyote vinavyoutegemea mstari, kwenye mfumo wa namna hii. Mizigo ya zamani haina kosa, ni historia ya biashara na ushahidi wa ushuru. Kufunga kunazuia mizigo mipya tu. Mzigo uelekezwe kwenye `mtumbwi_id` pamoja na saa ya kupimwa. Usiufunge kwenye toleo fulani, kwa sababu matoleo yatarekebishwa na mzigo utabaki umeshikilia toleo lililokwisha kubadilishwa.

Deni ni habari nyingine. Mtumbwi wenye deni usifungwe mpaka mtu aseme deni linakwenda wapi: kwa mmiliki wa zamani, kwa mnunuzi, au limesamehewa. Skrini imlazimishe karani kuchagua. Programu isiamue yenyewe, maana hayo ni makubaliano ya watu na mara nyingi yalishafanyika mdomoni.

5. Namba ileile, chombo kingine

Watu watataka kuitumia tena namba ya mtumbwi uliofungwa. Huwezi kuweka sharti la upekee kwenye `namba` ndani ya jedwali la matoleo, kwa sababu kila toleo la mtumbwi mmoja linarudia namba ileile. Weka jedwali dogo pembeni:

```
CREATE TABLE namba_inayotumika (
  namba      text PRIMARY KEY,
  mtumbwi_id bigint NOT NULL UNIQUE
);
```

Kusajili kunaingiza mstari hapa, kufunga kunauondoa kabisa, na vyote vifanyike ndani ya muamala (transaction) uleule unaoandika toleo. Hapa kufuta kweli hakuna madhara, maana historia iko kwenye jedwali kubwa.

Chombo kilekile kikirudi, rejesha kwa `mtumbwi_id` ileile, ukihakikisha kwanza namba haijachukuliwa. Chombo kingine kikipewa namba ya zamani, kipe `mtumbwi_id` mpya. Kitambulisho cha ndani kisirudiwe milele, hata kama rekodi yake ilibatilishwa dakika moja baada ya kuandikwa.

6. Kubatilisha na kuunganisha

Kubatilisha kunatofautiana na kufunga kwenye ripoti za nyuma. Mtumbwi uliofungwa mwezi huu lazima uonekane kwenye ripoti ya mwezi uliopita. Uliobatilishwa usionekane kwenye ripoti ya kipindi chochote inayochapwa leo. Utaonekana tu ukiuliza tulikuwa tunajua nini siku fulani. Kabla ya kubatilisha, hakikisha hakuna mzigo uliosajiliwa kwa jina lake. Ukiwepo, huenda kosa si mtumbwi.

Kuunganisha kunaandika toleo la mwisho kwenye rekodi inayoondoka, likitaja inayobaki. Kwa hiyo ongeza safu ya `umehamia_id`. Usihamishe mizigo ya zamani kwa kuibadilisha namba. Acha swali lifuate kielekezi. Siku mtu akigundua kuwa mitumbwi ile ilikuwa miwili kweli, utaitenganisha kwa toleo moja tu.

7. Simu zilizokaa kisiwani

Karani wa kisiwani anaandika kwenye simu isiyo na mtandao, inasawazishwa akipata mawimbi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali kazi inapungua, watu wanakwenda makwao, na simu inaweza kulala imezimwa siku nyingi.

Mfumo unaozituma simu orodha ya waliopo tu utakusumbua. Simu ikikosa kuuona 4471 kwenye orodha haijui kama umefungwa au haujafika bado. Na ikiwa imekaa nao, inaweza kuurudisha seva kama mpya. Wanaotumia kanzidata zilizosambaa kwenye mashine nyingi wanalijua tatizo hili: Cassandra inatunza alama za waliofutwa kwa siku 10 kama hujabadili mpangilio, na mashine iliyozimika muda mrefu kuliko huo ikirudi bila kusawazishwa ipasavyo, data iliyofutwa inaweza kufufuka. CouchDB nayo haiondoi waraka ukiufuta. Inaandika toleo jipya lenye alama ya kufutwa, ili kila nakala ipate habari.

Kwa mpangilio wetu jambo ni jepesi. Kila toleo lipewe namba ya mfululizo na seva. Simu iseme, "Mara ya mwisho niliishia 90210," nayo seva itume yote yaliyofuata, pamoja na ya funga na batilisha. Kufutwa kunasafiri kama badiliko lingine lolote.

Mgongano: simu ya Ukara imebadili mmiliki wa 4471 juu ya toleo la 4, wakati Kirumba tayari wameandika la 5, funga. Simu ikituma la 5 lake, ufunguo mkuu wa jedwali (`PRIMARY KEY`) utalikataa, maana la 5 lipo tayari. Usitafute mshindi kwa kulinganisha saa za simu, saa za simu zinadanganya. Usiseme pia kwamba kufuta hushinda daima. Weka badiliko kwenye foleni ya katibu, aamue mwenyewe akiwa na majina ya wote wawili mbele yake.

Mzigo uliopimwa usiwekwe kwenye foleni. Upokee hata kama mtumbwi umefungwa, uutie alama, uchunguzwe baadaye. Dagaa wameshapimwa, hela imeshatolewa, na kukataa kuandika hakulifuti tukio.

8. Kuteketeza

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mwenye taarifa haki juu ya taarifa zake, ikiwemo kudai zirekebishwe au ziharibiwe katika mazingira ambayo sheria imeyataja. Upande wa pili, sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5. Historia isiyofutika na mtu mwenye haki ya kufutwa vinaweza kukaa nyumba moja, mradi uvitenge mapema.

Vitenge hivi. Jedwali la mitumbwi na la mizigo yabebe `mmiliki_id` tu. Jina, simu, namba ya NIDA na picha vikae kwenye jedwali la watu, nalo lina matoleo yake. Ukiteketeza mtu, matoleo yote ya mtu huyo yanaondolewa, unabaki mfupa: namba isiyo na jina, ambayo mizigo yake bado inajumlishika.

Njia ya pili ni kusimba taarifa za kila mtu kwa ufunguo wake mwenyewe, na funguo zikatunzwa mahali pengine. Kuteketeza kunakuwa kuharibu ufunguo. Faida yake kubwa iko kwenye nakala rudufu: zile za miezi iliyopita zinageuka kuwa herufi zisizosomeka bila kuzigusa. Faida hiyo inayeyuka ukihifadhi funguo kwenye nakala rudufu hizohizo, na nimeona ikifanyika kwa nia njema kabisa.

Usipotumia funguo, tunza orodha ya `mtu_id` walioteketezwa, nje ya kanzidata. Kila unaporejesha nakala rudufu, ipitishe orodha hiyo kabla ya kufungua mfumo. Orodha ibebe namba na tarehe tu. Ukiandika humo jina la uliyemfuta, hujamfuta.

Mfumo wa matoleo wa kununua au kupakua una masharti yake. MariaDB ina amri ya `DELETE HISTORY` yenye ruhusa yake ya pekee, lakini inakata kwa wakati: kila kilicho kabla ya tarehe fulani. Haichagui mtu mmoja. SQL Server inakutaka uzime utunzaji wa matoleo kwanza ndipo uguse jedwali la historia. Soma sehemu hiyo kabla ya kuchagua chombo. Siku barua ya kudai kufutwa inapokuwa mezani utakuwa umechelewa.

Kisha pekua mahali ambapo majina hujificha. Safu ya `sababu` ndiyo ya kwanza: mpe karani nafasi ya kuandika huru na utakuta "kauza kwa fulani, simu yake hii hapa". Igeuze iwe orodha ya kuchagua. Pekua pia kumbukumbu za makosa za seva, faili za Excel zilizopakuliwa, nakala ya majaribio kwenye kompyuta yako, na picha za skrini kwenye kundi la WhatsApp la mwalo. Hizo za WhatsApp programu haiwezi kuzifikia. Mweleze katibu, naye aongee na watu wake.

Kuteketeza kufanywe na watu wawili: mmoja anaomba, mwingine anaidhinisha, kwa akaunti ambayo programu ya kawaida haina.

9. Kupunguza matoleo

Usiharakishe. Matoleo ya mitumbwi ni maandishi mafupi, kinachojaza diski kwa kawaida ni picha. Ikibidi, punguza matoleo ya `badili` yaliyopita miaka 5, lakini bakiza la kwanza, la mwisho, na kila lenye funga au rejesha. Na kabla ya kukata, angalia simu iliyochelewa kuliko zote imeishia namba ipi. Simu iliyobaki nyuma ya mahali utakapokata ifutwe yaliyomo na kuanza na nakala safi, baada ya kupokea mizigo yake mipya.

10. Majaribio kabla ya kuwapa watu

Funga mtumbwi, uliza orodha ya waliopo: usiwemo. Uliza orodha ya jana: uwemo. Rejesha, funga tena, halafu uliza hali ya katikati. Rekebisha saa ya kufunga, uulize dakika iliyo kati ya saa mbovu na saa sahihi. Jaribu `UPDATE` kwa akaunti ya programu: ikatae. Zima simu, funga mtumbwi seva, badili mtumbwi huohuo kwenye simu, washa, uone kama foleni ya katibu imepata kitu.

Kwa kuteketeza, jaribio liwe hivi: sajili mtu wa uongo mwenye namba ya simu ya ajabu, badili taarifa zake mara kadhaa, chukua nakala rudufu, mteketeze. Rejesha nakala hiyo kwenye mashine nyingine, pitisha orodha ya walioteketezwa, toa kila kitu kwa `pg_dump` ya maandishi na uitafute namba ile kwa `grep`. Ikionekana popote, jedwali iliyomo ndilo ulilolisahau. Kama unatumia funguo, `grep` haitaona kitu hata ufunguo ukiwa bado upo, hivyo jaribu pia kuifungua rekodi kwa programu yenyewe: ishindwe.